Chui milia mmoja, magari thelathini: picha utaipataje?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwenyeji wa Mwanza, nasoma Pune, India. Nyumbani nimepiga picha za simba na duma Serengeti, na Aprili hii chuo kikifungwa nataka kwenda kumpiga picha chui milia. Lakini video ninazoziona zinanikatisha tamaa: chui mmoja yuko katikati, magari kama thelathini yamemzingira, watu wamepanda juu ya viti. Nina kamera ya kawaida na lenzi ya kuvuta ya milimita 70-300. Je, kwenye msongamano wa namna hiyo picha nzuri inapatikana? Na nikienda, si nami nitakuwa mmoja wa wanaomsumbua?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ukishalijibu hilo, lile la kwanza linakuwa jepesi. Gari linalomsumbua chui milia ndilo hilohilo linalotoka na picha mbovu. Aliyebanana na wenzake mita kumi kutoka kwa mnyama anarudi na picha ya mgongo, mabomba ya magari, kofia za watu, na uso wa mnyama aliyelaza masikio nyuma kwa hasira. Picha unazozitamani, za chui anayetembea kwa utulivu akiangalia mbele, nyingi zimepigwa na watu waliofika mahali kabla yake, wakazima injini, wakamsubiri. Kwa hiyo usijifunze kushinda ndani ya msongamano. Jifunze kuwa kwingine wakati unapotokea.

Kwanza uelewe kwa nini magari yanarundikana, maana hali ya kule si ya Serengeti. Simba wetu hukaa kwa makundi, tena kwenye nyika ambako jicho linafika mbali. Chui milia anaishi peke yake ndani ya msitu, na gari haliruhusiwi kuacha barabara hata kidogo. Barabara zenyewe ni chache na nyembamba. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu kabisa ya India ilisimamisha utalii katika maeneo ya kiini, yaani sehemu za ndani zinazolindwa zaidi, ya hifadhi za chui milia kwa miezi michache, na ulipofunguliwa tena miongozo mipya ilitaka utalii usizidi asilimia 20 ya eneo la kiini. Sehemu kubwa ya chui hao hutawaona kamwe, na ni vizuri iwe hivyo. Ila maana yake ni kwamba wageni wote wanaingia kwenye kipande kilekile, kwa nyakati zilezile mbili za siku, alfajiri na alasiri, wakimtafuta mnyama yuleyule ambaye jana alionekana kwenye bwawa fulani.

Halafu kuna uchumi wa dereva. Dereva na mwongozaji wake wanajua kwamba mgeni aliyemwona chui anatoa bahashishi nono, na ambaye hakumwona anashuka kimya. Basi habari ikivuma kwamba chui yuko upande fulani, kila mmoja anakanyaga mafuta. Watalii tunawalaumu madereva, lakini wanafanya tunachowalipa wafanye.

Madhara yake si ya kukisia. Tarehe 31 Desemba 2024, katika hifadhi ya Umred-Pauni-Karhandla karibu na Nagpur, chui jike anayejulikana kama F2 na watoto wake watano walizibiwa njia na magari ya watalii mbele na nyuma. Video ilienea, madereva na waongozaji wakasimamishwa kazi na kutozwa faini, na mahakama ya Nagpur ikalichukua suala hilo yenyewe bila kusubiri mlalamikaji. Watafiti wa Hyderabad waliopima kinyesi cha chui milia wa hifadhi za Kanha na Bandhavgarh walikuta homoni za msongo ziko juu zaidi msimu wa watalii, na zinapanda kadiri magari yanavyoongezeka. Sisi wa Afrika Mashariki tusijione tumesalimika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu duma wa Maasai Mara ulionyesha kwamba majike wanaoishi penye watalii wengi walifanikiwa kukuza wastani wa mtoto 0.2 kwa uzao mmoja, na penye watalii wachache 2.3. Ukiwa umekaa ndani ya gari huoni kitu. Mama anaondoka kimya, mawindo yanakimbia, na watoto wanalala njaa mahali ambapo hakuna kamera.

Sasa tuje kwenye kazi.

Kazi ya kwanza inafanyika nje ya lango, na kamera iko mfukoni bado. Kodi gari zima, au ungana na wenzako wanne watano wa chuo mnaokubaliana. Magari mengi ni Maruti Gypsy ya wazi, inayochukua wageni sita. Usikubali Canter, hasa ukienda hifadhi ya Ranthambore. Yale yanabeba watu ishirini, na ishirini hawawezi kunyamaza pamoja wala kutulia pamoja. Kabla hamjaingia, zungumza na dereva na mwongozaji kwa heshima na kwa uwazi. Waambie hutaki kufukuzana. Waambie bahashishi yao iko palepale hata msipoona unyoya wa kitu, na kwamba utafurahi zaidi mkikaa saa nzima kwenye bwawa moja. Sema hivyo mapema, kisha ulitimize siku ambayo kweli hamkuona kitu, kwa sababu siku hiyo ndiyo watakayokupimia. Nimewaona waongozaji wakibadilika kabisa wakishaondolewa mzigo huo. Yule aliyekuwa anatazama saa anaanza kukuonyesha bundi, anakueleza jike yupi ana watoto na anapenda kupita wapi. Wengi wao ni wazaliwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, na msitu ule wameujua tangu utotoni.

Lango likifunguliwa, magari yatatimka kuelekea alikoonekana chui jana jioni. Waache. Mwambie dereva aende polepole na asimame mara kwa mara kuzima injini. Kwa chui milia masikio yako yatafanya kazi kubwa kuliko macho, na hapa ndipo mpiga picha aliyezoea nyika anahitaji kujifunza upya.

Msitu wa India una walinzi wake. Chital, yule paa mwenye madoa meupe, hulia kwa mlio mwembamba na mkali, lakini ni mwoga, hushtuka hata kwa mbwa mwitu au chui wa kawaida. Tumbili langur, anayeketi juu ya mti na kuona mbali, hutoa mlio kama kikohozi. Sambar, paa mkubwa wa kahawia, halii ovyo. Sauti yake nzito ya mara moja moja ikirudiwa kutoka upande uleule, amini kwamba kuna mla nyama mkubwa. Sasa sikiliza jambo moja zaidi: je, milio inatulia mahali pamoja au inahama? Ikiwa inatoka palepale kwa muda mrefu, chui amelala au ameotea, na kumsubiri kunaweza kuchukua asubuhi nzima. Ikiwa inahama, sasa upande wa korongo, dakika tano baadaye upande wa mianzi, basi anatembea, na unaweza kukisia atakatiza barabara wapi. Hapo ndipo unamwomba dereva aende mbele zaidi ya pale penye kelele, mita mia mbili au tatu kando ya mahali pa kuvukia, na kusimama upande ambao mwanga uko nyuma yenu.

Soma na barabara. Chui milia hupenda kutembea kwenye njia za vumbi, maana ni laini kwa miguu na haina miiba, tena kando yake ndiko anakoweka alama za mkojo kwenye miti kutangaza mpaka wake. Nyayo zilizo juu ya alama za matairi ya asubuhi hii ni za sasa hivi. Zilizokanyagwa na matairi ni za usiku. Mwongozaji atakuonyesha pia kama ni za dume, ambazo ni pana na za mviringo, au za jike.

Na kwa Aprili, maji ndiyo kila kitu. Joto la Chandrapur, wilaya ilipo hifadhi ya Tadoba nitakayokuelekeza, hupita nyuzi 40 bila shida. Miti imepukutisha majani, kwa hiyo unaona ndani ya msitu kuliko miezi mingine, na vidimbwi vimebaki vichache. Chui milia anapenda maji kuliko paka wakubwa wetu. Mara nyingi huingia kinyumenyume, anatanguliza makalio, anakaa na kichwa kikiwa nje. Alasiri ya joto chagua kidimbwi kimoja chenye kivuli upande mmoja, fika mapema, kaa. Gari lililokuwapo kabla ya chui halimshangazi, analikuta kama anavyolikuta jiwe. Lile linalokuja mbio baada yake ndilo linalomwinua majini.

Hata hivyo, siku nyingine mtajikuta katikati ya msongamano bila kutaka, kwa mfano chui ametokea nyuma yenu na magari yote yamefuata. Hapo mambo ni haya. Usimruhusu dereva azibe njia ya mnyama wala aingize gari kati ya mama na watoto. Miongozo ya hifadhi inataka umbali usipungue mita 20, na kwa lenzi yako hata kwa umbali huo chui anajaza fremu, kwa hiyo huna sababu ya kusogea zaidi. Omba safu ya pili au ya tatu, ilimradi kuna upenyo. Kisha tazama magari yaliyo mbele uone yataacha nafasi wapi, na ulenge nafasi hiyo badala ya kumfuatafuata chui. Atakapoipita utakuwa tayari, kamera wima, fremu nyembamba, hakuna gari ndani yake. Kama anatembea barabarani na magari yanarudi kinyumenyume mbele yake kwa msururu, ambalo ni jambo la kila siku kule, mimi naona afadhali kutoka kwenye msururu kabisa, kuzunguka kwa barabara nyingine na kumsubiri. Mara nyingine hatokei. Akitokea, atakuwa wako peke yako, na uso wake utakuwa umelegea.

Kuna picha nyingine ambayo wengi hawaithamini, nayo ni ya msongamano wenyewe. Chui mdogo chini, magari juu, mikono na simu. Ni habari ya kweli, na mtu wa nyumbani ambaye hajafika India anahitaji kuiona. Ipige kwa lenzi fupi, uiandikie maelezo sahihi. Nisichokubali ni kulifuta gari kwa kompyuta kisha kuonyesha watu picha kana kwamba mlikuwa wawili tu porini.

Kuhusu lenzi yako: 70-300 inatosha. Usikope fedha kukodi lenzi ya 600. Kwenye msitu chui hutokea karibu kuliko simba wa nyikani, na mwenye lenzi ndefu isiyovuta anabaki na pua na sharubu. Isitoshe, Aprili kuanzia saa tatu asubuhi hewa juu ya barabara inatetemeka kwa mazigazi. Picha ya mbali hutoka laini hata kwa lenzi ya mamilioni, na watu hulaumu vifaa vyao bila kosa. Ukiona hewa inacheza kwenye kioo, acha picha za mbali na usubiri mnyama wa karibu au mwenye kivuli.

Weka kamera kwenye hali ya mkono, apacha, yaani tundu la lenzi, wazi kadiri lenzi inavyoruhusu, na ISO, usikivu wa kamera kwa mwanga, ijipange yenyewe hadi 6400. Usiogope chenga, zile punjepunje za picha ya gizani: picha yenye chenga inasafishika, iliyotikisika haisafishiki. Kwa chui anayetembea nataka kasi ya shata ya 1/800 au zaidi. Akisimama kwenye giza la alfajiri shuka hadi 1/250, huku umeegemeza lenzi kwenye mfuko mdogo wa mchele au maharage juu ya ukingo wa gari. Tripodi haina nafasi mle. Lenga kwa nukta moja ndogo. Majani makavu na ile mistari ya ngozi yake huchanganya kamera, inashika unyasi ulio mbele na kumwacha chui ukunguni, hata zile kamera zinazotambua jicho zenyewe. Punguza mwanga kidogo, theluthi moja au mbili, kwa sababu mashavu na nyusi zake ni nyeupe kabisa na mahali pakishaungua hapana rangi ya kurudisha. Piga kwa faili ghafi (RAW). Kamera ikiwa na hali ya kimya, iwashe.

Kaa. Nalisema peke yake kwa kuwa watu hawalisikii. Ukisimama juu ya kiti unampiga chui kutoka juu, anaonekana mfupi na mnyonge, na umbo lako linalochomoza dhidi ya anga ndilo linalomshtua. Kiti cha kati cha Gypsy kiko chini kuliko cha nyuma, kichukue hicho. Teremsha kamera hadi ukingo wa mlango, macho yako na yake yakaribie usawa mmoja, na picha inabadilika papo hapo.

Vumbi la kule ni jekundu na linaingia kila mahali. Chukua kanga au shuka nyepesi ya kufunikia kamera mnapotembea, na usibadilishe lenzi ndani ya gari.

Sasa, uende wapi? Jina linalovuta watu wengi ni Ranthambore, na nalielewa. Kuna magofu, maziwa, mwanga wa wazi, na kumbukumbu ya Machli, jike aliyefahamika duniani kwa picha zake na aliyekufa Agosti 2016 akiwa mzee sana kwa umri wa porini. Lakini kwa mwanafunzi wa Pune ni mbali, na maeneo yake mashuhuri yamejaa. Mimi ningekuelekeza Tadoba. Panda treni ya usiku hadi Nagpur au Chandrapur, kisha gari. Iko wazi Aprili, chui ni wengi, na inafungwa Jumanne. Epuka Jumamosi na Jumapili kwa nguvu zako zote, na wiki za sikukuu pia. Vibali hununuliwa kwenye tovuti rasmi ya serikali ya jimbo, na vya eneo la kiini huisha mapema, kwa hiyo usingoje hadi Machi. Jina kwenye kibali lifanane herufi kwa herufi na pasipoti yako, na pasipoti yenyewe uende nayo langoni.

Ukikosa kiini, usisikitike. Tadoba ina eneo la pembezoni lenye zaidi ya kilomita za mraba 1,000, na lina malango yake kama Agarzari, Junona na Alizanza. Chui hawajui mpaka uliochorwa na wanadamu. Wanazaa na kuwinda huko pia, na magari mara nyingi ni machache. Fedha unayolipa huko inasaidia kuwapa kazi watu wa vijiji ambao ndio wanaopoteza ng'ombe na wakati mwingine ndugu zao kwa chui hao hao. Ingekuwa mimi, ningepanga safari mbili za kiini na tatu za pembezoni. Ukibakiwa na siku, Pench iko upande wa pili wa Nagpur. Kumbuka tu kwamba hifadhi za jimbo la Madhya Pradesh, ambako sehemu ya Pench iko, hufunga Jumatano alasiri. Na kama unataka utulivu kuliko uhakika, Satpura inaruhusu hata kutembea kwa miguu katika maeneo maalumu, ingawa chui ni wa bahati.

Simu uiache hotelini. Hifadhi kadhaa, Tadoba ikiwamo, zimezipiga marufuku ndani, na sababu ni ya msingi: ndizo zilizokuwa zikiita magari kwa dakika chache, kama redio za upepo zinavyofanya kwetu.

Mwisho ni wakati wa kuzionyesha picha. Ukipata jike mwenye watoto wadogo, usiandike lango, bwawa wala siku mpaka miezi ipite, na uondoe alama ya mahali kwenye faili. Hifadhi ya Sariska ilipoteza chui milia wake wote kwa majangili kufikia mwaka 2005, Panna ikafuata mwaka 2009, na zote mbili zililazimika kuletewa wengine kutoka hifadhi nyingine. India nzima ilikuwa imebaki na makadirio ya chui 1,411 mwaka 2006. Hesabu ya 2022 ilitoa wastani wa 3,682, karibu robo tatu ya wote walioko porini duniani. Wakiongezeka, na wenye kamera wanaongezeka, na picha moja yenye mahali sahihi inaweza kuleta magari arobaini kesho yake kwenye pango la mama. Mpelekee nakala mwongozaji wako. Kwake ni kumbukumbu ya mnyama anayemjua kwa jina, na mistari ya ubavuni, ambayo haifanani kwa chui wawili, inamsaidia kumtambua mtoto huyo akishakua na kuhamia upande mwingine wa msitu.